Utando Chini ya Ulimi wa Mtoto: Tumtazame Anavyonyonya Kabla ya Kushika Mkasi

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wazazi wapya, na ambayo majirani, mashangazi na wauguzi hutoa kila mmoja kauli yake, ni ule utando mwembamba unaouunganisha ulimi wa mtoto na sakafu ya kinywa. Wengine husema mtoto ana ulimi ulioshikwa, wengine husema ana udata, na wengine husema ana ulimi mfupi, ingawa ulimi wenyewe haujapungua urefu. Naandika makala haya kwa sababu binti yangu wa pili alizaliwa na ulimi wa namna hiyo, akakatwa, na kunyonya kwake kukabadilika. Naandika pia kwa sababu katika miaka iliyofuata nimeona watoto wengine, wa ukoo wetu na wa mtaa wetu hapa Tanga, wakipelekwa kukatwa bila sababu ya maana. Rai yangu ni moja, nayo nitaieleza kwa kirefu: utando huu usihukumiwe kwa sura yake, bali kwa kazi ambayo ulimi unashindwa kuifanya.

Kila binadamu ana utando huo. Mimba inapokua tumboni, ulimi huanza ukiwa umegandamana na sakafu ya kinywa, kisha seli za pembeni hufa kwa mpangilio maalumu na kuuachilia ulimi, hadi ukabaki umeshikwa katikati tu. Kwa baadhi ya watoto kazi hiyo huishia njiani, na utando unaobaki huwa mfupi, mnene, au umeshika karibu sana na ncha ya ulimi. Kwa muda mrefu vitabu viliueleza kama uzi unaosimama peke yake. Mwaka 2019 daktari mpasuaji Nikki Mills wa New Zealand pamoja na wenzake walionyesha kwamba sivyo: ni mkunjo wa tabaka linalotanda sakafu nzima ya kinywa, mkunjo ambao huinuka pale ulimi unapoinuliwa, na matawi ya neva inayoupa ulimi hisia yamepita karibu sana chini ya tabaka hilo. Ugunduzi huo una maana kubwa kwa mzazi. Anayekata kwa kina kuliko inavyotakiwa hakati ngozi tupu, na watoto wawili ambao tando zao zinafanana kabisa kwa macho wanaweza kuwa na ndimi zenye uwezo tofauti kabisa.

Mtoto anaponyonya haitafuni chuchu wala haikamui kwa fizi. Hufungua kinywa kwa upana, akaingiza chuchu pamoja na sehemu kubwa ya eneo jeusi linaloizunguka, akautandaza ulimi juu ya ufizi wa chini, kisha sehemu ya kati na ya nyuma ya ulimi hushuka na kuleta mvuto unaoyatoa maziwa. Donna Geddes na wenzake wa Perth, Australia, waliyatazama hayo kwa mashine ya ultrasaundi, na mwaka 2008 wakachapisha matokeo ya watoto 24 wenye ulimi ulioshikwa waliokuwa na shida ya kunyonya. Baadhi yao walikuwa wakiibana ncha ya chuchu na wengine wakiibana shina lake, na baada ya kukatwa mbano huo ulipungua na maziwa waliyoyapata yakaongezeka. Ndiyo maana dalili za ulimi ulioshikwa huonekana kwa mama mapema kuliko zinavyoonekana kwa mtoto.

Kwa upande wa mama, chuchu hutoka kinywani ikiwa imebanwa mshazari kama lipstiki iliyoanza kutumika, au ikiwa nyeupe kwa kukosa damu. Nyufa zake haziponi hata mkao wa kunyonyesha ukirekebishwa, na titi huvimba na kuuma kwa sababu halimalizwi maziwa. Kwa upande wa mtoto, huteleza kutoka kwenye titi kila mara, hutoa sauti ya kualika kila mvuto unapokatika, maziwa humvuja pembeni mwa midomo, hunyonya saa nzima akasinzia kwa uchovu, kisha huamka bado ana njaa. Akilia, ulimi hauinuki kufika katikati ya kinywa, au ncha yake hujikunja katikati na kuwa na umbo la kopa. Akijaribu kuutoa, hauvuki ufizi wa chini.

Binti yangu alikuwa na dalili karibu zote hizo. Nilikuwa nikiuma ncha ya kanga kila alipoletwa kunyonya, na nilianza kuiogopa sauti ya kuamka kwake, jambo ambalo mzazi hulionea haya kulisema mbele za watu. Mama yangu mzazi, ambaye alitulea watoto wengi kwa titi lake, aliamini kwamba maziwa yangu ni mepesi na kwamba mtoto aanzishiwe uji mwembamba. Simlaumu hata kidogo, kwani mtoto asiyeshiba huonekana hivyo hivyo machoni pa kila mtu. Lakini mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji uji wala maji, na uji ungeyapunguza maziwa yangu zaidi, kwa kuwa titi hutengeneza kulingana na kiasi linachonyonywa.

Jambo lililotuelekeza ni kadi ya kliniki. Mtoto mchanga hupungua uzito katika siku zake za kwanza, kwa kawaida si zaidi ya 10% ya uzito aliozaliwa nao, akaurudia kufikia mwisho wa wiki ya pili, na baada ya hapo huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku katika miezi ya mwanzo. Kuanzia siku ya tano hivi anatakiwa kukojoa mara 6 au zaidi kwa siku, na mkojo wake uwe mweupe. Nukta za binti yangu kwenye kadi zilikuwa zikilala badala ya kupanda. Muuguzi aliyetupokea alikuwa mtu mzima mwenye utulivu, na nilipokuwa nikimfungua mtoto kinywa ili nimwonyeshe ule utando, alinizuia mkono. “Ulimi tutauona baadaye, mama,” akasema. “Kwanza mnyonyeshe, nikae hapa nitazame.” Alitazama kwa muda mrefu, akanirekebisha mkao, akamgeuza mtoto tumbo lake likagusana na langu, akasubiri afungue kinywa vizuri ndipo akamsogeza. Maumivu yalipungua kidogo, lakini chuchu ilitoka imebanwa vile vile. Hapo ndipo alipovaa glavu, akapitisha kidole chake kidogo juu ya ufizi wa chini, akamwachia mtoto akinyonye, kisha akakigeuza na kulipapasa kaakaa lote mpaka nyuma.

Nilimwuliza kwa nini anapapasa juu wakati tatizo liko chini. Akanieleza kwamba kaakaa lililopasuka kwa ndani, ambalo ngozi ya juu imelifunika, humkosesha mtoto mvuto, na wapo watoto waliokatwa utando wa ulimi huku mpasuko wa kaakaa haukuonekana na mtu yeyote. Aliangalia pia kama kuna utando mweupe wa fangasi kwenye mashavu ya ndani, kwa maana fangasi nao huleta maumivu makali ya chuchu, na aliuliza kama mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, kwa sababu njiti huchoka haraka na kuteleza kwenye titi bila kuwa na kasoro yoyote ya ulimi.

Upimaji wa namna hii haufanywi kwa kubahatisha. Huko Bristol, Uingereza, wataalamu walitengeneza kipimo kilichochapishwa mwaka 2015 kinachotazama mambo manne tu: umbo la ncha ya ulimi, mahali utando uliposhika kwenye ufizi wa chini, ulimi unainuka kiasi gani mtoto anapolia akiwa amefungua kinywa, na unatoka nje kiasi gani. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ya 3 au chini yake huashiria ulimi uliozuiwa sana. Nakipenda kipimo hiki kwa sababu nusu ya alama zake zinahusu mwendo wa ulimi, na kwa sababu muuguzi wa zahanati yoyote anaweza kufundishwa kukitumia bila mashine wala umeme.

Lazima niseme pia kwamba kuwa na utando mfupi si sawa na kuwa na tatizo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba karibu 8% ya watoto walio chini ya mwaka mmoja wana ulimi ulioshikwa, na watoto wa kiume huwa nao zaidi ya wa kike. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema kwamba chini ya nusu ya watoto wenye sura hiyo ya ulimi ndio wanaopata shida ya kunyonya. Wengine hunyonya, hunenepa, husema na kuimba bila yeyote kujua. Mwongozo huo haukutoka bure. Katika hospitali za Marekani, watoto waliolazwa na kuandikiwa kwamba wana ulimi ulioshikwa walikuwa 3,934 mwaka 1997, na kufikia mwaka 2012 walikuwa 32,837. Ndimi za watoto hazikubadilika katika muda huo wa miaka 15. Kunyonyesha kulirejea kuthaminiwa, wazazi wakawa makini zaidi, na hilo ni jema. Lakini pia kulizuka kliniki za kulipia, nyingi zikiwa na mashine za leza, ambazo karibu kila mtoto anayeingia hukutwa na kitu cha kukatwa. Brazili ilikwenda kwa njia yake, ikapitisha sheria namba 13.002 ya mwaka 2014 inayozitaka hospitali zote za uzazi zipime utando wa ulimi wa kila mtoto anayezaliwa.

Utafiti wenyewe unasema nini kuhusu kukata? Uchambuzi wa mwaka 2017 wa shirika la Cochrane, ambalo hupitia na kulinganisha tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 5 yenye watoto 302, ukakuta kwamba kukata hupunguza maumivu ya chuchu za mama katika muda mfupi, lakini haukupata ushahidi thabiti kwamba watoto wote hunyonya vizuri zaidi kwa kukatwa. Uingereza ilijaribu kutafuta jibu la muda mrefu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Mama na watoto wao waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likatwe na lisaidiwe kunyonyesha, jingine lisaidiwe tu. Jaribio lilisimamishwa mapema likiwa na watoto 169, na wengi wa kundi la pili waliishia kukatwa pia kwa sababu wazazi hawakuweza kungoja. Baada ya miezi 3, waliokuwa bado wanapata maziwa ya mama walikuwa 88% katika kundi la kwanza na 85% katika la pili. Siwezi kusema kwamba hesabu hiyo inathibitisha kukata hakufai, kwa kuwa makundi mawili yalichanganyika mno. Ninachokiona ni kwamba makundi yote mawili yalipata kitu ambacho mama wengi wa kwetu hawapati, yaani mtu anayejua kunyonyesha akaketi kando yao na kutazama. Huduma hiyo haina bei kubwa wala kovu, na ndiyo inayostahili kutangulia.

Kwa binti yangu ilitangulia na haikutosha, na hapo kukata kulikuwa haki yake. Alikatwa kabla hajatimiza mwezi. Daktari wa masikio, pua na koo aliuliza kwanza kama katika ukoo wa mama au wa baba kuna mtu anayevuja damu bila kukoma akikatwa au akitahiriwa, na kama mtoto alichomwa sindano ya vitamini K alipozaliwa. Aliutazama pia udogo wa kidevu chake, kwa kuwa mtoto mwenye taya la chini lililorudi nyuma sana anaweza kukabwa na ulimi wake ukiachiliwa. Kisha muuguzi akamviringisha kwenye kanga mikono ikiwa ndani, akamdondoshea matone ya maji ya sukari, na mwenzake akashika kichwa. Daktari akauinua ulimi kwa kibamba cha chuma chenye mfuo katikati. Utando ukasimama, mwembamba kiasi kwamba mwanga wa taa ulipenya, bila mshipa wa damu kuonekana ndani yake. Mkasi ulikuwa mfupi, wenye ncha butu, na ulifunga mara moja tu. Binti yangu alilia zaidi alipofungwa mikono kuliko alipokatwa. Damu iliyotoka ilikuwa matone machache kwenye kipande cha shashi, na kabla sijafuta machozi yangu nilikuwa nimepewa mtoto nimnyonyeshe, kwa sababu kunyonya humtuliza na kunabana kidonda kisivuje.

Kwa mtoto wa umri huo hakuna haja ya nusukaputi. Leza haijathibitishwa kuwa bora kuliko mkasi, ingawa bei yake ni kubwa zaidi. Hatari zipo, japo ni chache anapokata mtu aliyefunzwa: kuvuja damu, maambukizi, kujeruhiwa kwa mifereji ya mate inayofunguka pembeni kabisa mwa utando, mtoto kukataa titi kwa sababu ya maumivu, na utando kujishika tena. Siku zinazofuata mahali palipokatwa hugeuka kuwa na kidonda cheupe au cha manjano chenye pembe nne, ambacho wengi hukidhani usaha. Si usaha, ni namna kinywa kinavyopona, na hutoweka katika wiki moja au mbili. Mazoezi ya kukisugua kidonda kwa kidole mara kadhaa kwa siku, ambayo kliniki nyingine huyaagiza, hayana ushahidi wa kutosha na humtesa mtoto bure. Kisipakwe chochote. Asali haipaswi kuingia kinywani mwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kupooza misuli, na jeli za ganzi zenye benzokaini, zinazouzwa kwa ajili ya mtoto anayeota meno, Marekani ilikwishaonya mwaka 2018 zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2.

Maumivu yangu yalipungua siku ile ile. Kunyonya kwa ustadi hakukuja siku ile ile. Mtoto alikuwa amezoea kushika titi kwa namna yake, na ilibidi afundishwe upya, huku mimi nikikamua kwa mkono baada ya kila mlo na kumnywesha kwa kikombe kidogo ili asipungue wakati anajifunza. Hili la kukamua na kikombe nalisisitiza, kwa sababu mama aliye mbali na hospitali anaweza kulifanya leo, kabla hajapata nauli, na likamlinda mtoto na pia likayalinda maziwa yake.

Nije kwenye mdomo. Siku hizi wazazi hutumiana picha za mdomo wa juu wa mtoto uliofunuliwa, ukionyesha utando unaotoka kwenye mdomo hadi kwenye ufizi, na swali ni lile lile, kama ukatwe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwakagua watoto wachanga 100 na kuchapisha matokeo mwaka 2017: wote walikuwa na utando huo, wengi wao ukiwa umeshika mpaka ukingoni mwa ufizi. Hiyo ndiyo hali ya kawaida ya kuzaliwa nayo, na utando wenyewe hupanda juu kadiri taya linavyokua. Mwongozo wa Marekani wa 2024 hauoni sababu ya kuukata ili mtoto anyonye, kwa kuwa mdomo wa juu hauhitaji kupinduka sana. Unatakiwa kutulia tu juu ya titi. Wengine huhofia kwamba meno ya mbele yataacha nafasi. Mwanya wa meno ya utotoni ni wa kawaida, na mara nyingi hujifunga meno ya chonge ya ukubwani yanapoota, karibu na miaka 11 au 12, ndiyo maana madaktari wa meno hushauri kungoja. Na kwetu sisi, ambao mwanya umesifiwa tangu zamani kuwa pambo la uso, naona ni jambo la kusikitisha mtoto mchanga kupasuliwa mdomo kwa ajili ya kuuzuia.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine ambayo miongozo ya nchi za mbali haiigusi. Mtoto anaposhindwa kunyonya, anapotapika au anapokohoa bila kukoma, wazee wengi hufikiria kwanza kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na mtoto hupelekwa kwa mkataji wa mtaani. Kimeo hakihusiani na utando wa chini ya ulimi, na kukikata hakumsaidii mtoto kunyonya. Nimewasikia wazazi wakitumia kauli moja kwa mambo yote mawili, “alikatwa kinywani”, na muuguzi asipouliza vizuri hajui mtoto alikatwa nini. Kwa kifaa kisichochemshwa, kidonda cha koo huleta kuvuja damu, maambukizi yanayoingia kwenye damu, na pepopunda. Sehemu nyingine za Tanzania, Kenya na Uganda fizi za mtoto huchimbwa kwa kisu au njiti ya baiskeli kutoa yanayoitwa meno ya plastiki, yakidhaniwa kuwa chanzo cha homa na kuharisha, ilhali kinachotolewa ni vichipukizi vya meno ya chonge ya mtoto. Anayefanya hivyo kwa mwanawe hufanya kwa mapenzi na kwa hofu ya kumpoteza, nami sitaki kumdharau. Nataka ajue kwamba mtoto mwenye homa au anayeharisha anahitaji kupimwa malaria na kupewa maji ya chumvi na sukari ya pakiti, na kwamba kila saa inayopita kwa mkataji inaondolewa kwenye matibabu yake.

Kwa watoto wakubwa swali hubadilika, kutoka kunyonya kwenda kusema. Imani iliyoenea ni kwamba mtoto aliyechelewa kusema ameshikwa ulimi. Hakuna ushahidi unaoonyesha kwamba utando huu humchelewesha mtoto kuanza kusema. Baba, mama, bibi, maji, haya hayahitaji ulimi kuinuka sana, na mtoto mwenye ulimi ulioshikwa huyasema kwa wakati wake kama wengine. Unachoweza kuathiri ni usafi wa sauti chache zinazotaka ncha ya ulimi ifike juu au itokeze kati ya meno: r, l, t, d, n, s, z, th na dh. Hata hapo inatakiwa subira, kwa kuwa mtoto wa miaka 3 anayesema “lula” badala ya “rula” na “selasini” badala ya “thelathini” yuko katika njia ya kawaida ya kujifunza, na nyumba nyingine hakuna hata mtu mzima anayetenganisha r na l, kwa sababu ya lugha ya mama.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mtoto wa kiume aliyekaribia miaka 3 bila kusema zaidi ya maneno mawili matatu. Mtaani alishauriwa mara nyingi amkate ulimi, na kweli alikuwa na utando ulioonekana. Nilimwomba ampeleke kwanza apimwe masikio. Akakutwa na ute mzito nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, uliokuwa umedumu pengine kwa miezi mingi, kiasi kwamba maneno yalimfikia yakiwa hafifu, konsonanti zake zimepotea. Alitibiwa masikio, na maneno yakaanza kuja. Utando wa ulimi wake uko vile vile hadi leo na hakuna anayeuzungumzia. Mtoto ambaye hajasema neno lolote lenye maana kufikia miezi 18, au haunganishi maneno mawili kufikia miaka 2, anastahili kipimo cha usikivu kabla ya jambo jingine lolote. Tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia kwa watoto waliozaliwa viziwi, na vifaa hivyo huleta manufaa makubwa zaidi mtoto akiwa mdogo, hivyo miezi inayotumika kubishana juu ya ulimi ni miezi anayonyang'anywa.

Wapo watoto wakubwa ambao kukatwa kunawafaa. Ni wale ambao, masikio yao yakiwa mazima, na baada ya kufundishwa matamshi kwa muda, ulimi bado hauwezi kufika nyuma ya meno ya juu, au hawawezi kuondoa chakula kilichobaki mashavuni na kulamba midomo yao, au utando umevuta ufizi nyuma ya meno ya chini hadi ukaanza kushuka. Kwa hao kazi hufanyika katika chumba cha upasuaji, mara nyingi kwa nusukaputi, na daktari huweza kuukata utando kwa mikato ya kupindapinda na kuushona ili ulimi upate urefu na kovu lisiuvute tena. Mtoto hurudi nyumbani siku hiyo hiyo kwa kawaida, akila vyakula laini vilivyopoa. Kisha hurudi kwa mtaalamu wa matamshi, kwa sababu ulimi ulioachiliwa akiwa na miaka 6 unahitaji kufundishwa mahali ambapo haujawahi kufika, na mzazi anayekubali upasuaji aulize mapema, kabla ya kutia sahihi, ni nani atakayemfundisha na wataonana naye lini.